Gari Lililokata Pumzi Kwenye Kona

Tarehe 6 Machi

Mama yangu kwa jina, mwanangu kwa damu,

Salamu nyingi kutoka bondeni. Mimi mzima. Baba yako nilimwona mwezi uliopita, bado anabishana na paa la nyumba yake na bado paa linashinda. Mama yako anauliza kama unakula. Nimemjibu kwamba unakula, kwa hiyo usinifanye mwongo.

Najua umeshangaa kupata barua. Simu huku haishiki, na nikifika hospitali, ng'ambo ya mlima, ninakuwa na mgonjwa nyuma na mlinzi wa lango mbele ananiambia niondoe gari njiani. Tena kwenye simu mimi husema "sijambo", halafu maneno yananiisha. Kwa kalamu nitajieleza vizuri zaidi.

Jambo lenyewe ni gari. Lile letu la wagonjwa la zamani, la dizeli, nililokufundishia kuendesha, limekufa na halifufuki. Tumeletewa jipya. Dogo, jeupe, la petroli, lina turbo. Zahanati nzima tunaliita Mgeni, maana lilipoingia uani lilikuwa safi mno hata tukaona haya kulikaribia. Kwenye tambarare linakimbia kama limeiba. Tatizo ni mlima.

Barabara unaikumbuka. Inapanda, inapanda, halafu karibu na kileleni kuna ile kona kali iliyochongwa kwenye mwamba. Lazima upunguze mwendo mpaka gari litembee kama mtu, ukate usukani wote, na hapohapo mlima unasimama wima mbele yako. Pale ndipo Mgeni anapokata pumzi. Nakanyaga mafuta mpaka chini, injini inaguna, na hakuna kinachotokea. Gari linasita, linatetemeka, linazima. Narudi kinyumenyume, najipanga upya, naijia kona kwa kasi ambayo dereva wa wagonjwa hapaswi kuwa nayo. Huko nyuma muuguzi wetu anamkumbatia mgonjwa na kuniita majina ambayo wazazi wangu hawakunipa.

Watu wameanza kulikataa. Juzi familia moja ilimbeba mama yao kwa machela, ikapanda naye mlima kwa miguu. Niliwafuata na gari nikiwabembeleza. Wakanijibu kwa adabu kabisa kwamba wao wanapendelea kwenda mbele tu. Ofisi ya magari imesikia habari hizo. Mkaguzi atakuja baada ya mvua kubwa. Mgeni akishindwa mlima mbele yake, atapelekwa tambarare anakoweza kukimbia, na bonde zima litabaki na machela.

Wewe kazi yako ni injini za aina hii. Niambie nifanye nini.

Nimeanza kumfundisha muuguzi kuendesha, ili nipate mtu wa kunipokea siku moja moja. Anashika usukani kama anamshika mtoto mchanga. Atajifunza.

Shangazi yako


Tarehe 27 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imenikuta mzima na ninakula. Mwambie mama kwamba jana nilikula mara mbili na kushiba mara zote. Mwambie baba aniandikie kuhusu hilo paa, nina maoni.

Nimeisoma barua yako nimesimama, na nilipofika kwenye kona nikakaa. Umenieleza ugonjwa wa injini hii vizuri hata nimeusikia. Acha nikwambie kinachotokea mle ndani, maana naona bado hakuna aliyekueleza.

Kila silinda ina milango miwili, ndiyo vali. Mmoja unaingiza hewa, mwingine unatoa moshi. Moshi ukitoka unasukuma gurudumu dogo la turbo, na turbo ikizunguka inasukuma hewa nyingi zaidi kuingia. Mzunguko mzuri, ila una mwanzo mgumu: kwenye kona yako injini iko raundi za chini, yaani inazunguka polepole, moshi ni mchache, turbo imelala, hewa haitoshi, kwa hiyo moshi unazidi kuwa mchache. Na kule juu hewa yenyewe ni nyepesi. Gari lako linangoja kusukumwa na kitu ambacho nacho kinalingoja lenyewe.

Lakini kuna jambo la ajabu, shangazi, nalo ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Kuna kitambo, kifupi kuliko kupepesa jicho, ambapo milango yote miwili inaweza kuwa wazi kwa pamoja. Hewa mpya ikiingia inaufagia moshi wa zamani, wote, mpaka pembeni, na kupita nao hadi kwenye turbo. Turbo inaamka mapema. Ila ukikiacha kitambo hicho kiwe kirefu injini ikiwa raundi za juu, moshi unarudi ndani kwa nguvu na kuisonga. Kwa hiyo milango inatakiwa ibadilishe saa zake huku injini inazunguka. Na inabadilisha. Kwenye ncha ya kemshafti, ule mti wa chuma unaofungua vali, kuna kifaa cha ukubwa wa kiganja. Oili inaingia upande mmoja, kemshafti inasogea mbele kidogo. Inaingia upande wa pili, inarudi nyuma. Chuma kinazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, na oili inakisogeza kama mtu anayeweka sawa saa ya ukutani bila kuisimamisha.

Saa hizo zinaandikwa kwenye kompyuta ya injini. Sisi tunaziita ramani. Ramani ya Mgeni iliandikwa na mtu wa tambarare, kwa ajili ya tambarare. Nataka kukuandikia ya kwako.

Ndani ya bahasha kuna kijisanduku cheusi. Chini ya usukani, juu ya goti lako la kushoto, kuna tundu la kukichomeka. Chomeka, endesha kama kawaida, panda mlima, shuka. Chenyewe kinarekodi kila kitu. Kisha nirudishie ile kadi ndogo iliyomo ndani yake.

Mwanao


Tarehe 19 Aprili

Mama,

Marahaba. Kijisanduku kimefika, na kimetazamwa na zahanati nzima. Tabibu wetu aliuliza kama kinatoa mionzi. Muuguzi akamwambia kinatoa siri za madereva.

Nimefanya ulivyosema. Nimepanda mlima mara tatu, mara mbili nikiwa peke yangu na mara moja na mzee aliyevunjika nyonga. Kadi ni hiyo, nimeifunga kwenye pamba.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Miaka yote hii naendesha, na sikujua kwamba chini ya miguu yangu kuna milango inayobadilisha saa zake. Asubuhi moja niliinua bonneti nikasimama naitazama injini ikinguruma, nikijaribu kuona. Huoni kitu. Kifuniko cheusi tu na joto linalopanda usoni. Muuguzi akaniuliza natafuta nini, nikafunga bonneti.

Umeandika kuhusu injini kurasa tatu. Kuhusu kazi yako mwenyewe huko, hata mstari mmoja hakuna. Au macho yangu?

Shangazi


Tarehe 10 Mei

Shangazi, shikamoo.

Kazi ipo. Huku baridi imeanza kupungua. Jirani yangu wa juu amenunua kinanda na hajui kukipiga.

Kadi nimeifungua. Sijui nikuelezeje. Mbele yangu kulikuwa na mistari ya rangi tu: raundi, mafuta, hewa, joto, pembe ya kemshafti. Lakini nilikuona wewe. Niliuona mguu wako. Wewe hukanyagi mafuta kwa pupa kama wengine. Unashuka polepole, unatulia, kisha unaongeza kidogo kama mtu anayemimina chai kwenye kikombe kilichokaribia kujaa. Mara ile ya mzee wa nyonga ulikuwa mwororo zaidi, hata kwenye matuta. Nimewarekodi madereva wengi wa majaribio, shangazi, na sijawahi kuona mstari uliotulia namna hiyo.

Kona nayo nimeiona. Raundi zinaanguka, mguu unafika chini kabisa, na hewa ya turbo inabaki pale pale, imelala kama bahari bila upepo. Ramani ya zamani inaiweka milango karibu na pale pale ilipokuwa, haithubutu. Nimeandika nyingine. Kwenye raundi za chini, ukikanyaga mafuta, mlango wa kuingiza unafunguka mapema zaidi na wa kutoa unachelewa kufungwa, ili ipate kile kitambo cha pamoja. Raundi zikipanda naitenganisha taratibu. Kadi mpya ni hii. Iingize kwenye kijisanduku, washa ufunguo bila kuwasha injini, ngoja taa ya kijani, basi.

Swali moja. Mara zote tatu, ukishaimaliza kona, gari limesimama kwa muda mrefu, injini ikinguruma tu. Hata ukiwa na mgonjwa lilisimama, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Kuna nini pale?

Mwanao


Tarehe 2 Juni

Mama,

Baba yako amelishinda paa, lakini ameanguka kutoka juu yake akateguka kifundo. Anajifanya amechechemea miaka yote. Wengine wazima.

Ramani yako imekuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Nakwambia bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, maana najua ungependa hivyo. Chini mlimani kulikuwa na uhai kidogo nikafurahi. Kwenye kona gari likasita kama kawaida, halafu, nilipokwisha kukata tamaa, likarusha miguu kama punda aliyeumwa na nyuki, likapiga chafya mara mbili, na taa ya njano ya injini ikawaka. Bahati sikuwa na mgonjwa. Nimerudisha ramani ya zamani na taa nimeizima kwa kijisanduku chako.

Mkaguzi ameandika. Anakuja katikati ya mwezi ujao.

Muuguzi sasa anaweza kufika nusu ya mlima. Anaongea na gari njia nzima, analiahidi mambo.

Umeuliza kwa nini nasimama. Pale juu unaliona bonde lote. Naangalia mandhari.

Kadi ya safari hiyo mbaya nimeiweka ndani. Soma, halafu uniambie ukweli: hili gari linafaa, au nianze kushona machela?

Shangazi


Tarehe 20 Juni

Shangazi, shikamoo. Mpe baba pole, na mwambie atumie ngazi.

Gari linafaa. Mwenye makosa si Mgeni wala ramani. Nilipofungua kadi nililaumu hesabu zangu, nikazipitia upya zote, kisha nikaweka mistari miwili, mmoja juu ya mwingine: pembe ambayo kompyuta iliiagiza kemshafti iende, na pembe ambayo kemshafti ilikwenda kweli. Amri inatolewa, na kemshafti haisogei. Inakaa. Inafikiri. Halafu inakwenda yote kwa mkupuo, wakati raundi zimeshapanda na kile kitambo cha pamoja hakitakiwi tena. Ndiyo ile chafya. Kwenye kadi ya kwanza sikuliona kwa sababu ramani ya zamani haikuwa inaiagiza kitu kikubwa. Mtu asiyetumwa popote huwezi kumjua kama anachechemea.

Oili haipiti. Upande wa juu wa injini, karibu na mnyororo, kuna vali ndogo ya umeme yenye waya mbili na boliti moja. Ifungue. Chini yake kuna chujio dogo la nyavu, la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Naamini limeziba. Lioshe kwa petroli na mswaki laini, kamwe usilichokonoe kwa waya. Badilisha oili yote, weka nyepesi niliyokuandikia nyuma ya karatasi hii. Kisha weka ramani iliyomo kwenye kadi hii, nimeilainisha kwa ajili ya hewa ya juu.

Sasa kuhusu kazi, kwa kuwa uliuliza. Chumba chetu cha majaribio kimefungwa tangu Februari. Kampuni haitengenezi tena injini mpya za petroli. Wenzangu wamehamia kwenye mota za umeme, na mimi nimepewa meza huko pia. Ni kazi nzuri. Inanyamaza sana. Mashine iliyokuwa inashikilia injini zetu wameing'oa, na sakafuni yamebaki matundu ya boliti. Sikukwambia kwa sababu barua yako ilinikuta wiki chache baada ya hapo, na nilitaka kuwa na injini moja zaidi.

Mgeni ndiye wangu wa mwisho, shangazi. Usisimame kwa sababu ya mandhari tu. Niambie.

Mwanao


Tarehe 16 Julai

Mama yangu,

Kaa chini kwanza.

Kifurushi chako kilifika siku mbili kabla ya mkaguzi. Niliifungua ile vali mwenyewe, muuguzi akishika taulo chini yake kama tunazalisha. Chujio lilikuwa limezibwa na kitu cheusi, kizito, kama gundi ya viatu. Kitu kidogo namna ile. Nililiweka kwenye kiganja changu nikafikiria machela zote zilizopanda mlima ule. Nililiosha mpaka nikauona mwanga kupitia nyavu zake. Oili tukabadilisha, ramani tukaweka, taa ya kijani ikawaka.

Sikulijaribu kabla. Mvua ilinyesha siku nzima, na kesho yake asubuhi mkaguzi akawa ameshafika. Kijana mrefu, mpole, ana mwavuli. Aliniambia atapenda tupande na uzito, kwa hiyo tukamlaza tabibu wetu kwenye kitanda cha nyuma, naye ni mtu mzito kwa haki yake, tukamwongezea magunia mawili ya mchanga. Mkaguzi akakaa mbele, pembeni yangu.

Mwanangu, nimeendesha magari yanayovuta na yasiyovuta. Nilikuwa sijawahi kuendesha gari linaloelewa. Nilifika kwenye kona, nikapunguza, nikakata usukani, ule mlima ukasimama mbele ya kioo. Nikaweka mguu kama ninavyouweka siku zote. Na chini yangu kitu kikavuta pumzi. Sina neno jingine. Hakukuwa na kelele wala mruko. Kulikuwa na sauti nyembamba, kama mtu anapuliza taratibu kati ya meno, na usukani ukawa mwepesi mkononi, na mwamba ukaanza kupita dirishani, ukapita, ukaendelea kupita. Nilikuwa nimeyabana meno nikingoja kusita. Hakusita. Tulikuwa tunapanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumtembelea rafiki.

Mkaguzi alikuwa akiandika kitu. Akaacha. Akaniuliza, "Mama, hili ndilo gari lenyewe au mmenibadilishia?"

Nikamwambia ndilo. Akaomba tushuke tupande tena. Tukapanda tena. Mara ya tatu aliomba aendeshe yeye, nikamkatalia.

Mgeni anabaki. Karatasi imesainiwa. Tabibu alipotolewa nyuma alisema hajui tulipita wapi.

Nimekusoma kuhusu chumba chako. Nilisoma usiku nikaiweka, nikaisoma tena asubuhi. Nilitaka kukuandikia maneno ya kukupoza, nikaona yote ni mepesi. Basi nakwambia nilichokiona tu: wewe uko mbali na huku kwa safari ya siku kadhaa, hujawahi kuligusa gari hili, na ulichokiandika ukiwa umekaa kwenye kiti kimewasogeza watu wazima watatu na mchanga juu ya mlima kama vile mlima umeshuka kidogo kuwapokea. Sijui mtu huwa anafanya mangapi ya namna hiyo maishani. Mimi ningeridhika na moja.

Mandhari ni mandhari. Bonde ni zuri. Usinichunguze.

Shangazi


Tarehe 18 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Naandika haraka. Sina habari za nyumbani, utanisamehe.

Leo nimepokea kadi kutoka kwako bila barua. Bahasha ina mwandiko wa mtu mwingine na mhuri wa posta ya mjini, ile iliyo mkabala na hospitali. Nikasema labda muuguzi ameipeleka tu. Nikaifungua.

Gari limepanda vizuri. Amri na kemshafti vinakwenda pamoja kama watu wawili walioshikana mikono. Ila mguu ule si wako. Mwanzo unasitasita, unakanyaga na kuachia, kama mtu anayejaribu maji. Kuanzia nusu ya mlima unatulia. Kwenye kona haukuogopa kabisa. Na kona ilipokwisha, kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma safari za Mgeni, gari halikusimama. Limepitiliza moja kwa moja mpaka hospitali.

Gari la wagonjwa lilikuwa linakwenda hospitali, na wewe hukuwa unaliendesha. Kwa hiyo ulikuwa wapi?

Nimepiga simu hospitali. Wakaniambia yupo dereva mmoja wodini, anaendelea vizuri, na amekataa kuletwa kwenye simu. Nikawaambia huyo ndiye shangazi yangu, hapana haja ya kunitajia jina.

Nimeomba likizo, nimepewa. Barua hii itanitangulia kidogo tu. Usinitengenezee majibu.

Mwanao


Tarehe 29 Agosti

Mama yangu kwa jina,

Kumbe mguu wa mtu unajulikana hata kwa rangi. Nilimwambia muuguzi aiweke kadi posta kama kawaida na asiandike neno. Yeye ametimiza ahadi yake. Mimi nimesahau kwamba wewe husomi maneno tu.

Niko wodini, kitanda cha dirishani. Barua hii sitaiweka posta, nitakukabidhi ukifika. Niko sawa, na leo nasema hivyo nikiwa na ushahidi, maana daktari amesimama hapa akaniandikia. Moyo umechoka, ndivyo alivyosema, na mapafu yalikuwa yameingia maji. Wameyatoa, wamenipa vidonge vitatu vya kila siku, nimeambiwa nitembee, nisibebe, na nisiendeshe wagonjwa tena. Nilibisha kidogo kwa heshima ya kazi, kisha nikakubali.

Uliniuliza mara mbili kuhusu kusimama. Hewa ya kule juu ilikuwa inaniishia. Tangu mwanzoni mwa mwaka, kila nikiimaliza ile kona kifua kilikuwa kinabana na mikono inakufa ganzi, nami nasimama, nashika usukani, nangoja kirudi. Nikiwa na mgonjwa nilikuwa namwambia muuguzi naipumzisha injini. Sikukwambia kwa sababu ungeacha gari ukaanza kunitengeneza mimi, na gari ndilo lililokuwa na mkaguzi. Ndiyo maana pia nilimfundisha muuguzi. Alijua. Alikuwa anaendesha nusu mlima na kulia nusu mlima.

Sasa nikwambie lile ninalotaka kukwambia, kabla hujafika ukanikuta nimelisimulia kwa wodi nzima.

Asubuhi ile nilianguka uani nikiwa naosha vioo. Wakanilaza nyuma ya Mgeni. Tabibu akakaa kando yangu na kunishika mkono, muuguzi akaingia mbele. Mwanangu, maisha yangu yote nimewapeleka watu nyuma ya gari, na sikuwahi kulala pale hata siku moja. Ni mahali pengine kabisa. Huoni barabara. Unaona dari, taa ndogo, na chupa ya dripu inayoyumba. Unasikia kila kitu. Nilisikia gia zikiingia, nikajua tumeuanza mlima. Mwanzo alikuwa anasitasita, kama ulivyosema. Nikataka kumwelekeza, sauti ikakataa. Halafu akatulia, na kila kitu nyuma kule kikatulia pamoja naye.

Nikajiandaa kwa ajili ya kona. Mimi naijua, hakuna anayeijua kuliko mimi. Nilingoja gari lipunguze. Nilingoja mlio ushuke, mwili unyanyuke, kisha ule mwanya wa kutisha ambapo hakuna kinachovuta. Nilishika chuma cha kitanda. Injini ilikuwa inapumua, hewa inaingia, inatoka, ndefu, sawasawa, sikusikia mahali inapoanzia wala inapokatika. Nikajikuta nafuata. Ikiingia, navuta. Ikitoka, natoa. Nikangoja. Bado kona haikuja. Nikaanza kuogopa kwamba muuguzi amepotea njia, ingawa njia ni moja tu.

Nikamvuta tabibu mkono, nikamuuliza kwa shida, "Mbona hatufiki kwenye kona?"

Akanitazama kama haelewi. Akainama, akachungulia dirishani, akarudi kwangu.

"Dada," akasema, "tunashuka."

Shangazi yako